"Imesakinishwa, lakini haionekani": dhana potofu kuhusu pip na maktaba za Python

Pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python (misimbo iliyoandaliwa tayari na wengine), imeandika `Successfully installed numpy`. Unaendesha programu yako, kompyuta inajibu `ModuleNotFoundError: No module named 'numpy'`. Hapo wengi huanza kufuta na kusakinisha upya, bando linaisha na tatizo liko palepale. Dhana zifuatazo ndizo zinazowapotezea watu muda mwingi.

Dhana: Pip ikisema imefaulu, maktaba iko kwenye kompyuta.

Maktaba haikai "kwenye kompyuta". Inakaa ndani ya Python moja mahususi, katika folda yake ya `site-packages`, na Python nyingine iliyo jirani haiioni kabisa. Kompyuta ya Windows iliyotumika miaka miwili mitatu mara nyingi hukutwa na Python ya python.org, nyingine ya Microsoft Store, na ya tatu iliyokuja na kifurushi cha Anaconda. Amri ya `pip` ni mali ya moja kati ya hizo. Kitufe cha kuendesha programu ndani ya VS Code, kihariri cha msimbo, huenda kimeshikamana na nyingine.

Usibahatishe. Kwenye terminali (dirisha la amri) andika `pip --version`. Mstari unaotoka unaonyesha pip iko folda gani na inahudumia Python toleo gani. Kisha weka mistari hii miwili juu kabisa ya programu inayogoma:

`import sys`
`print(sys.executable)`

Majibu mawili yakielekeza kwenye Python tofauti, ugonjwa umeshauona. Dawa yake ni kuacha kuandika `pip install` peke yake na kuzoea `python -m pip install numpy`, ili anayesakinisha awe ndiye huyo huyo anayeendesha programu. Kwenye Windows, `py -0p` huorodhesha Python zote zilizopo pamoja na mahali zilipo, na `py -3.12 -m pip install numpy` huchagua moja. Ndani ya VS Code bonyeza Ctrl+Shift+P, andika `Python: Select Interpreter`, uchague ile ile. Anayetumia daftari la Jupyter aandike `%pip install numpy` ndani ya seli, si `!pip`: alama ya asilimia hulenga Python inayoendesha daftari lenyewe.

Na kama kuandika `python` kwenye Windows kunakufungulia duka la Microsoft, Python haijaharibika. Hiyo ni njia ya mkato ya Windows. Izime kwenye mipangilio, sehemu ya `App execution aliases`, au sakinisha upya ukiweka tiki kwenye `Add python.exe to PATH`, kisanduku kidogo kilicho chini ya dirisha la kwanza ambacho wengi hukiruka.

Dhana: Jina la kusakinisha ndilo jina la kuita ndani ya programu.

Mara nyingi ndivyo, lakini si lazima. Unasakinisha `opencv-python`, unaita `cv2`. Unasakinisha `Pillow`, unaita `PIL`. `scikit-learn` huitwa `sklearn`, `beautifulsoup4` huitwa `bs4`, `PyYAML` huitwa `yaml`. Kubahatisha jina kuna hatari kuliko kupoteza muda tu: mwaka 2019 iliondolewa kwenye PyPI, ghala la mtandaoni ambako pip huchukua maktaba, maktaba iliyoitwa `jeIlyfish`, yenye I kubwa mahali pa l ndogo ya `jellyfish` halisi, iliyokuwa ikiiba funguo za siri za watumiaji. Nakili jina kutoka ukurasa rasmi wa maktaba.

Jina lina mtego mwingine. Ukiliita faili lako `numpy.py` au `random.py`, Python italisoma hilo lako kabla ya maktaba, nawe utaletewa ujumbe wa `partially initialized module`. Badilisha jina la faili lako, basi.

Dhana: `No matching distribution found` maana yake maktaba imefutwa, au intaneti mbovu.

Intaneti inaweza kuwa chanzo, na hilo linajulikana haraka: panda juu kidogo kwenye terminali utafute mistari ya `WARNING: Retrying`. Ikiwepo, tatizo ni mtandao. Isipokuwepo, na jina umeliandika sawasawa, basi pip imefika PyPI, imeangalia, na haikuona faili linalokufaa.

Kufaa huko kumeandikwa kwenye jina la faili. Faili la `.whl`, yaani maktaba iliyojengwa tayari, linaloishia `cp312-cp312-win_amd64` linataka Python 3.12, Windows, biti 64. Mwenye Python ya biti 32 hawezi kupata maktaba ya TensorFlow hata akiwa na prosesa ya biti 64, kwa sababu kinachoangaliwa ni Python yenyewe. Pima kwa amri hii:

`python -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"`

Ikitoka 32, pakua Python ya biti 64. Wenye kompyuta za mitumba ambazo bado zina Windows 7 wajue kwamba Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali mfumo huo, na maktaba nyingi zimeshaiacha toleo hilo. Watahitaji kutaja matoleo ya zamani ya maktaba, au kubadilisha mfumo endeshi.

Toleo jipya mno nalo huleta shida ileile kutoka upande wa pili. Python mpya ikitoka, watunzi wa maktaba nzito huchukua wiki au miezi kuandaa mafaili yake. Kurudi toleo moja nyuma ndiko kunakokupa utulivu, na kwa kazi ya kawaida hupungukiwi na kitu.

Dhana: Nikiambiwa `Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required`, lazima nipakue hiyo kompaila.

Huo ni mwendelezo wa dhana iliyotangulia. Pip imekosa `.whl` ya Python yako, ikachukua msimbo chanzo, sasa inajaribu kuujenga papo hapo, kazi inayohitaji kompaila, programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Kompaila ya Microsoft na viambatisho vyake hula gigabaiti kadhaa, na hata ukimaliza ujenzi unaweza kukwama mbele. Jaribu kwanza:

`python -m pip install --only-binary=:all: jina-la-maktaba`

Chaguo hilo huizuia pip kugusa msimbo chanzo. Itatafuta toleo lililo tayari, hata kama ni la nyuma kidogo. Isipopata, badilisha Python. Kompaila iwe ya mwisho.

Dhana: Kwenye Linux, ikigoma weka `sudo`.

Tangu Debian 12, na Ubuntu 23.04, pip hukataa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Watu huuona kama usumbufu, wakakimbilia `sudo` (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi) au `--break-system-packages`. Jina la chaguo hilo limesema lenyewe! Programu kadhaa za mfumo hutegemea Python hiyo hiyo, na ukibadilisha maktaba moja chini ya miguu yake unaweza kuamka huna zana ulizozizoea. Tengeneza mazingira pepe, yaani folda yenye Python na maktaba za mradi wako peke yake:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv mradi`
`source mradi/bin/activate`

Hapo `sudo` imetumika kwa `apt` tu, mahali pake. Kwenye Windows mstari wa mwisho ni `mradi\Scripts\activate`. PowerShell ikikataa kuendesha hati, toa amri ya `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned` mara moja. Ukifunga terminali, mazingira hayo huzimika. Ukirudi kesho uyawashe tena, la sivyo utarudi kwenye dhana ya kwanza.

Dhana: Upakuaji ukikatika, suluhisho ni bando kubwa zaidi.

Pip husubiri sekunde 15 tu kabla ya kukata tamaa. Mtandao wa simu ukiyumba, hazitoshi. Ongeza: `--timeout 120 --retries 10`.

Ukubwa nao hupunguzika. Kwenye Linux, `pip install torch` (maktaba ya PyTorch) huvuta pia maktaba za kadi ya michoro ya NVIDIA, gigabaiti kadhaa, hata kama kompyuta yako haina kadi hiyo. Ongeza `--index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu` upate toleo la prosesa peke yake, lililo dogo zaidi sana. Mkiwa darasa la watu kumi, mmoja apakue kwa `python -m pip download -d mzigo numpy pandas`, wengine wapokee folda kwa flashi na kusakinisha kwa `python -m pip install --no-index --find-links=mzigo numpy pandas`. Sharti: mfumo endeshi na toleo la Python vilingane na vya aliyepakua.

Kisha kuna `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`, ambayo watu huishughulikia kwa kuzima ulinzi. Angalia kwanza saa ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kila ukizima umeme, na vyeti vya seva vinaonekana bado havijaanza kutumika.

Dhana: Mstari mwekundu wa mwisho ndio unaoeleza kosa.

`metadata-generation-failed` inasema tu kwamba kuna kitu kilishindikana. Sababu iko juu, pengine mistari arobaini juu. Ukikuta `No module named 'distutils'` huko, unatumia Python 3.12 au mpya zaidi na maktaba ya zamani: moduli hiyo iliondolewa mwaka 2023. Ukikuta habari ya kitu kilichojengwa kwa NumPy 1.x kukataa NumPy 2, shusha NumPy:

`python -m pip install "numpy<2"`

Usiache zile alama za kunukuu. Bila hizo, terminali hudhani `<2` ni agizo la kusoma faili linaloitwa 2. Na anayeandika `numpy>=1.26` bila kunukuu kwenye Linux haoni kosa lolote: anapata toleo jipya kabisa, pamoja na faili geni kwenye folda yake lenye jina la `=1.26`.