Rbkg ni nini, na unaichaguaje unapotoa bakigraundi kwenye data za eksirei

Ukipitisha eksirei kwenye sampuli huku unapandisha nishati kidogo kidogo unapata grafu inayoruka ghafla kwenye ukingo wa elementi unayoitafuta, chuma ni 7112 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), shaba ni 8979 eV, alafu baada ya ukingo inaendelea na vimawimbi vidogo vidogo. Hivyo vimawimbi ndo mali yenyewe, manake vinatokana na elektroni iliyotoka kwenye atomu ikagonga majirani ikarudi, kwa hiyo humo ndo kuna habari za majirani ni wangapi na wako umbali gani. Sasa vimekaa juu ya mstari mwingine mlaini, ule ambao atomu ingeutoa kama ingekuwa haina jirani hata mmoja, na huo mstari hakuna anayeweza kuupima ndani ya kitu kigumu, inabidi ukadiriwe. Huo ndo bakigraundi.

Programu kama Athena na Larch zinaukadiria kwa njia ya AUTOBK iliyotoka 1993. Inachora splaini, yaani mstari unaopinda kwenye vifundo kadhaa, alafu inausogeza huku na huku mpaka kile kinachobaki ukikigeuza kwa Fourier, yaani hesabu inayogeuza vimawimbi kuwa grafu ya umbali, kisiwe na kitu kikubwa chini ya umbali fulani. Huo umbali ndo Rbkg. Hoja yake ni nzuri sana: chini ya angstromu 1 (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) hakuna jirani wa maana, kwa hiyo chochote kinachojitokeza huko kitakuwa bakigraundi tu.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni kwamba Rbkg ndo inaamua pia vifundo viwe vingapi. Idadi yake ni karibu 2 × Rbkg × urefu wa k, gawanya kwa pai, ongeza 1. Hiyo k ni namba ya wimbi ya elektroni, inahesabiwa kutokana na nishati iliyo juu ya ukingo. Data ikienda mpaka k ya 14 na Rbkg ni 1.0, unapata kama vifundo 10, ukiipandisha mpaka 2.0 vinakuwa kama 19, na splaini yenye vifundo 19 inapinda vizuri tu kufuata vimawimbi vyenyewe. Yaani hapo unatupa data yako ukidhani unaisafisha, na grafu inatoka safi kweli, inapendeza, ila pigo la kwanza, yaani kilele cha jirani wa karibu kwenye grafu ya Fourier, limepungua.

Chukua oksidi ya chuma. Oksijeni iko kama angstromu 2.0 kutoka kwa chuma, lakini kwenye grafu ya Fourier ambayo haijasahihishwa fezi (mchelewo wa wimbi la elektroni unaofanya umbali uonekane mfupi) pigo lake linakaa karibu na 1.5. Mtu akiona 2.0 kichwani anasema basi Rbkg ya 1.5 ni salama, kumbe ameiweka juu ya pigo lenyewe, na baadaye akifiti anapata oksijeni pungufu anaanza kuandika habari za kasoro kwenye kristali. Foili ya shaba ina nafasi zaidi, jirani yuko 2.55, hivyo hata 1.2 haina neno. Tabu kubwa ni uraniili, yaani urani iliyoshikana na oksijeni mbili, oksijeni zake hizo ziko kama 1.8 tu, hapo hata 1.0 inabidi uitazame kwa makini.

Njia ninayoiamini ni kuipandisha kwa hatua za 0.1 kuanzia 0.8 na kuzichora zote pamoja. Kwanza kile kilima cha umbali mdogo, chini ya pigo la kwanza, kinapungua na pigo la kwanza linatulia pale pale, hiyo ndo sehemu unayoitaka, ukifika mahali pigo la kwanza lenyewe linaanza kushuka rudi nyuma. Rudi pia kwenye grafu ya nishati uangalie bakigraundi iliyochorwa juu ya data, ikiwa inapanda na kushuka pamoja na vimawimbi, imezidi.

Usichanganye hii na mistari ya kunomalaizi, yaani kuiweka data kwenye kipimo kimoja, ule wa kabla ya ukingo na ule wa baada yake. Hiyo kazi yake ni kupima kimo cha ukingo tu, ila ukikosea kimo, idadi ya majirani inakosea kwa kiwango hicho hicho. E0, yaani nishati ya ukingo ambapo k inaanzia sifuri, nayo ukiisogeza eV chache inaharibu k za chini zaidi, juu huko haisikiki sana. Data zikiwa na kelele mwishoni, klempu ya juu, yaani kibano cha kuivuta splaini ibaki karibu na data mwishoni, inazuia splaini isipeperuke.

Ukitaka kujua bakigraundi imekula kiasi gani, Artemis, programu ya kufiti data hizi, inakuruhusu kuifiti splaini pamoja na njia za majirani (njia ambazo elektroni inapita kwenda kwao na kurudi) kwa mara moja, alafu inakuonyesha korilesheni, yaani jinsi vinavyobadilika pamoja, kati ya splaini na idadi ya majirani. Ikiwa kubwa, teremsha Rbkg, ufiti tena.