Methali inalionea kuyu

Uzuri wa kuyu, ndani mabuu. Ukikaa chini ya mkuyu wowote kando ya Ziwa Victoria, Igombe au Ukerewe, hukosi mtu wa kulipasua kuyu, kuona vidudu na kulitupa majini: "Limeoza hili." Halijaoza.

Na wanaosema mkuyu hauchanui, wachukue kuyu changa walikate kwa wembe. Zile punje zilizosongamana ndani ndiyo maua yenyewe, mamia, yamegeuzia nyuso gizani. Mlango ni mmoja tu, katundu kalikozibwa na magamba upande usio na kikonyo.

Nyigu jike wa milimita mbili hivi hujipenyeza hapo kwa kubanwa hadi mabawa yanamkatika. Hatoki tena. Kifuani ana vifuko vya chavua. Huitoa na kuipaka kwenye maua, huku akitaga yai mojamoja ndani ya baadhi yake. Ua lililotagiwa halitoi mbegu. Huvimba likawa kinundu, na buu hula na kukua humo humo. Kwa hiyo, ndiyo, mkuyu hupoteza sehemu ya mbegu zake, lakini bila nyigu huyo usingepata hata moja.

Madume ndio huanza kutoka vinunduni. Hawana mabawa. Huwapanda majike wangali vinunduni, kisha hutoboa ukuta wa kuyu, na kazi yao imekwisha. Wanaodondoka nje huokotwa na sisimizi. Majike hubeba chavua na kutokea tundu walilotoboa madume, kwenda kutafuta kuyu changa jingine.

Kudunga watu? Hapana. Sindano yao ni ya kutagia. Msiwachanganye na wale wa darini.

Wengine hudhani kadudu kanakoishi siku moja au mbili hakafiki mbali. Utafiti wa Namibia uliochapishwa 2009 ulionyesha nyigu wa mkuyu huu huu wakipeperushwa na upepo zaidi ya kilomita 160. Mwanza hadi Musoma, ukikata hewani, hapafiki hapo.

Ila si wote waungwana. Yupo wa jamii hiyo hiyo anayeingia kwa mlango ule ule, anataga, hachavushi chochote.

Anayetamani mkuyu ubaki bila mchavushaji wake aitazame Misri. Mkuyu uko kule tangu enzi za Mafarao, nyigu mchavushaji hayupo. Unazaa, lakini bila mbegu. Watu huupanda kwa vipandikizi, na tangu zamani huyachanja makuyu kwa kisu ili yaive.