Nyama ya muusi: ipoze kwanza, gawanya baadaye

Muusi (moose kwa Kiingereza) ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu (deer). Nchini Sweden dume aliyekomaa hufika kilo 400 na zaidi. Ukitoa kichwa, ngozi, miguu na matumbo, inabaki takriban nusu. Ndiyo maana ndugu, marafiki na majirani huwinda kama kikosi: wenye bunduki hukaa vituoni, mwenzao akaingia msituni na mbwa. Kaskazini msimu huanza Septemba, kusini Oktoba.

Nyama hii huharibiwa zaidi na joto la mnyama mwenyewe. Ngozi ni nene, manyoya yamesongamana, na hata kwenye baridi paja hubaki la moto ndani, karibu na mfupa wa nyonga. Hapo ndipo uvundo unapoanzia, na kwa nje huoni kitu. Basi mpasue palepale alipoanguka. (Mwislamu hutaja jina la Mungu anapofyatua; akimkuta angali hai, amchinje.) Funga umio kwa kamba. Kata ngozi ya tumbo makali yakitazama juu, vidole viwili vikitangulia chini ya ncha ya kisu ili kusukuma tumbo mbali. Likitoboka, nyama iliyochafuka ikate uitupe. Usiioshe kwa maji, yatasambaza uchafu.

Mchune mapema, umtundike kwenye ubaridi. Wenyeji huzidisha wastani wa joto (nyuzi za Selsiasi) kwa idadi ya siku ilizotundikwa: ikifika 40, nyama imelainika. Nyuzi 5 ni siku 8. Nyuzi 4, siku 10. Ndama namshusha mapema zaidi.

Kugawa kwa mizani peke yake ni kosa, maana mmoja ataondoka na shingo tupu. Kama kuna kilo 135 zisizo na mfupa na watu 9, kila fungu ni kilo 15, lakini paja, bega, kidari na shingo vikatwe vipande 9 kila kimoja. Sarara ni ndogo, kwa hiyo iende kwa zamu, mwaka hadi mwaka. Maini na figo za aliyezidi mwaka mmoja siziweki mezani, kwani hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu.

Mafungu yakishapangwa, mmoja huyapa kisogo. Mwenzake anagusa fungu: "Hili la nani?" Naye anataja jina bila kugeuka, mpaka meza iishe.