Gradienti katika sanaa ya fraktali: rangi hutoka wapi?

Anayeona picha ya fraktali, yaani umbo la kihesabu ambalo ukilikuza unakuta michoro mipya inayofanana na ile ya mwanzo, kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu aliyeketi akaipaka rangi kona kwa kona. Hakuna. Kompyuta imetoa namba tu, namba moja kwa kila pikseli (kijiraba kidogo kabisa cha picha), na gradienti ndiyo inayoamua namba ipi ivae rangi gani. Kwa hiyo anayeijua gradienti ana nusu ya sanaa hii mkononi, hata kama hesabu zilimpiga chenga shuleni.

Tuchukue seti ya Mandelbrot, fraktali maarufu kuliko zote. Kila pikseli ina namba yake, tuiite c. Unaanza na sifuri, unaizidisha kwa yenyewe, unaongeza c, kisha jibu unalirudisha mwanzo ufanye vilevile tena. Umbali wa jibu kutoka sifuri ukipita 2, pikseli hiyo imetoroka, na programu huandika imetoroka katika hatua ya ngapi. Jaribu kwa kikokotoo cha simu: c ikiwa 1 inatoroka hatua ya 3, ikiwa 0.5 hatua ya 5, ikiwa 0.3 hatua ya 12. Ikiwa -1 inarukaruka kati ya -1 na 0 milele. Zile zisizotoroka kwa kawaida hupakwa nyeusi. Zilizobaki hupelekwa kwenye gradienti na hizo namba zao: 3, 5, 12.

Gradienti yenyewe ni mstari wa rangi zilizopangwa kwa nafasi. Fractint, programu ya zamani ya kuchora fraktali, ilitumia meza ya rangi 256. Programu nyingine, Ultra Fractal, ina nafasi 400, kuanzia 0 hadi 399. Huchagui zote. Unaweka nukta chache, programu inajaza katikati. Namba zikizidi mwisho wa mstari, zinarudi mwanzoni, na ndiyo sababu rangi ya mwisho lazima ikutane vizuri na ya kwanza. Zisipokutana utaona ufa mkali ukijirudia picha nzima.

Hapo katikati panapojazwa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme umepiga picha jua likizama pale Dunga, Kisumu, ukataka rangi za ziwa na anga ziingie kwenye fraktali yako. Unaweka nukta ya buluu (0, 0, 255, yaani vipimo vya nyekundu, kijani na buluu) na nukta ya njano (255, 255, 0), unasubiri machweo. Unapata kijivu! Programu imechukua wastani wa kila kipimo, na wastani wa hizo mbili ni 128 kwa nyekundu, 128 kwa kijani, 128 kwa buluu. Irudie ile picha ya Dunga uitazame polepole: anga haitoki kwenye njano kwenda buluu moja kwa moja, hupitia chungwa, kisha waridi, kisha zambarau. Basi weka nukta hizo wewe mwenyewe, na mwishoni urudi kwenye buluu nzito uliyoanzia.

Lakini mimi nashikilia kwamba mwangaza una uzito kuliko rangi yenyewe. Geuza picha yako iwe nyeusi na nyeupe. Ikibaki na vina na vilima, gradienti ni nzuri. Ikigeuka uji wa kijivu, nukta zako zote zina mwangaza uleule, na kuongeza rangi kumi zaidi hakutasaidia. Shusha moja iwe giza kabisa, pandisha nyingine ikaribie nyeupe.

Kitu kingine ni kasi. Karibu na ukingo wa seti namba hupanda ghafla, gradienti inajirudia mara nyingi katika pikseli chache, na picha inajaa chenga chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Punguza msongamano wa rangi, au iambie programu itumie logi (logariti) ya namba badala ya namba yenyewe. Michirizi ya ngazi ngazi ni tatizo tofauti: inatokana na hatua kuwa namba nzima, na huondoka ukichagua upakaji laini, ambao huongeza desimali kulingana na jibu lilivyopita mpaka.

Kuzungusha gradienti, yaani kuisogeza mbele au nyuma bila kugusa nukta, hakubadilishi umbo hata kidogo. Kwa kawaida programu haihitaji kukokotoa upya, kwa hiyo hata laptopu ya mtumba inamudu. Zungusha sana kabla ya kubadilisha chochote kingine.

Na kama unapeleka kazi ichapishwe kwenye fulana au bango, jua kwamba buluu na kijani kali za skrini zitafifia. Skrini inachanganya mwanga, mashine inachanganya wino. Omba kipande kidogo cha majaribio kwanza, kisha rudi kwenye gradienti urekebishe nukta zilizofifia, si picha nzima.