CD4 si za UKIMWI tu: kwa nini mgonjwa wa mpox anachotwa damu zaidi ya mara moja

Hapa Bukavu, ukitaja CD4 mbele ya mgonjwa, mawazo yake yanakimbilia UKIMWI moja kwa moja. Simlaumu, maana kwa miaka mingi kipimo hicho amekisikia kwenye huduma za VVU tu. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele, wakiombwa damu ya kuchunguza kinga hushtuka: "Munganga, mbona mnanipima ile?" Swali hilo linastahili jibu kamili.

CD4 ni protini iliyo kwenye utando wa nje wa seli T saidizi, aina ya seli nyeupe za kinga, na kila mtu anazo seli hizo. Zenyewe haziui virusi kama wengi wanavyodhani. Kazi kubwa ya seli hizo ni kuzisaidia seli B zitengeneze kingamwili imara, kuzipa nguvu seli T zinazoua seli zilizoambukizwa, na kutunza kumbukumbu ya ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli hizo, ambazo kwa kifupi huitwa CD4, kama 500 hadi 1,500 katika mikrolita moja ya damu.

Hesabu hiyo ina maana yake. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa watu 382 waliokuwa na VVU na mpox kwa pamoja, wote wakiwa na CD4 chini ya 350. Walifariki 27, na kila mmoja wao alikuwa chini ya 200. Virusi vya mpox katika utafiti huo vilikuwa vya tawi II, yaani ukoo mwingine wa kirusi, si tawi Ib lililotambuliwa baada ya mlipuko wa mji wa Kamituga mwaka 2023. Hata hivyo namsihi kila anayetumia dawa za VVU asiziache hata siku moja, hasa akiona vipele.

Lakini mtu akiwa katikati ya homa, hesabu hiyo peke yake hupotosha. Seli nyingi huiacha damu na kwenda kwenye mitoki na sehemu zilizoshambuliwa, kwa hiyo idadi inaweza kushuka huku kinga ikipigana vizuri. Tena, kati ya seli saidizi zote, zinazokitambua kirusi hicho ni chache mno. Kuzihesabu zote ni kama kuhesabu watu wote wa soko la Kadutu wakati ulitaka kujua wangapi wanauza samaki wadogo wa sambaza.

Kwa hiyo tunazipa seli kazi, tuone zipi zitaitika. Damu inachotwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, yenye heparini inayozuia damu isigande, na hapo ndipo kosa hutokea kwa urahisi: sampuli ya vipele husafirishwa kwenye baridi, basi chupa ya damu nayo inatiwa kwenye boksi lilelile la barafu. Isitiwe. Tunahitaji seli zilizo hai, zikae kwenye joto la kawaida la chumba na zifike maabara ndani ya saa chache. Fikirieni barabara ya Kamituga wakati wa mvua, mtaelewa kwa nini kipimo hiki hakifanyiki kila kituo cha afya.

Maabara, seli nyeupe hutengwa na kuwekwa kwenye sahani yenye vishimo 96, pamoja na vipande vidogo vya protini za kirusi. Seli inayovitambua hutoa interferoni gama, protini ya kuziashiria seli nyingine, nayo hunaswa palepale chini ya kishimo. Kesho yake sahani ikioshwa na kutiwa rangi, panabaki vidoa. Kila kidoa ni seli moja iliyoitika. Daima kuna kishimo kisichotiwa vipande hivyo vya kirusi. Nacho kikijaa vidoa, matokeo hayo hatuyaamini. Ili kujua kama walioitika ni seli saidizi au zile zinazoua, tunazipaka kingamwili zenye rangi ing'aayo na kuzipitisha mbele ya leza, moja baada ya nyingine, kwenye saitometa, mashine ya kutambua na kuhesabu seli.

Siku ya kuchota damu ndiyo inayoipa namba maana. Mwitikio huo kwa kawaida hufika kilele kama wiki ya pili tangu maambukizi, kisha seli nyingi hufa na sehemu ndogo hubaki kuwa kumbukumbu. Chupa moja haiwezi kutuonyesha mwendo huo, ndiyo maana tunakuomba urudi hata ukiwa umepona. Na tukikuuliza homa ilianza lini, usijibu "juzi" ili yaishe. Fikiri kidogo, muulize hata mama wa nyumbani.

Tutakuuliza pia mwaka wa kuzaliwa. Waliochanjwa ndui kabla ugonjwa huo haujatangazwa kutokomezwa mwaka 1980 wanaweza kuwa bado na seli za kumbukumbu, na kwa kuwa virusi vya ndui, vya chanjo yake na vya mpox ni ndugu, seli hizo huitikia mpox pia. Kovu la mkononi halitoshi kuthibitisha, kwani chanjo ya kifua kikuu nayo huacha kovu. Kama una karatasi yoyote ya chanjo, ya zamani au ya mpox yenyewe, njoo nayo.