Banki moja, majina matano: wenye hisa walibadilika, akiba ya wazazi wetu ilikwenda wapi?

Hapa Lubumbashi, mzee akisema «BCB», mwanawe akisema «BCZ» na mjukuu akisema «Equity», mara nyingi wote watatu wanataja nyumba ile ile. Swali tunaloulizwa zaidi katika kazi yetu ya kuelimisha umma ni hili: banki hiyo ni ya nani, na je, mwenye banki akibadilika, fedha za mteja hubaki salama? Swali hilo lina uzito, kwa sababu katika mji huu ni familia chache ambazo hazikupoteza akiba.

Banki hiyo iliundwa Januari 1909 kwa jina la Banque du Congo Belge (BCB), kwa mtaji wa makampuni ya Ubelgiji, miongoni mwao Société Générale de Belgique, ambayo ilikuwa pia na mkono mkubwa katika Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga. Reli ilipofika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, shaba, mishahara na mikopo ya wafanyabiashara vilihitaji mahali pa kupitia. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliipa banki hiyo ya watu binafsi haki ya kutoa noti za falanga, na noti za kwanza za mwaka 1912 zilichapwa jina la mji wa tawi lililozitoa, Élisabethville likiwa mojawapo. Haki hiyo ilidumu hadi mwaka 1952, ilipokabidhiwa banki kuu mpya, na tangu hapo nyumba hii ikabaki banki ya biashara tu.

Baada ya uhuru mwaka 1960 iliitwa Banque du Congo; nchi ilipoitwa Zaïre mwaka 1971 ikawa Banque Commerciale Zaïroise (BCZ); na mwaka 1997 jina la nchi liliporudi, ikawa Banque Commerciale du Congo, yaani BCDC. Kila mara ubao wa mlangoni ulibadilishwa, lakini deni la banki kwa mteja wake halikufutwa na jina jipya.

Neno «deni» nalitumia kwa makusudi. Mwenye hisa anamiliki sehemu ya kampuni: hupata gawio faida ikipatikana, na hupata hasara kabla ya watu wengine wote. Mteja aliyeweka fedha hamiliki banki, bali anaidai, na anayenunua hisa ananunua kampuni pamoja na madeni yake. Ndiyo maana Agosti 2020, Equity Group ya Nairobi ilipomaliza kununua asilimia 66.53 ya hisa za BCDC kutoka kwa familia ya George Forrest, mfanyabiashara mzaliwa wa mji wetu, kwa dola milioni 95, hakuna mteja aliyelazimika kuidai akiba yake upya. Serikali ya Congo, iliyokuwa na asilimia 25.53, ilibaki miongoni mwa wenye hisa. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo, BCDC iliunganishwa na Equity Bank Congo, iliyokuwa ProCredit kabla ya kununuliwa na kundi hilo hilo mwaka 2015, na hapo ndipo likazaliwa jina la Equity BCDC.

Wengi husema basi kwamba ni «banki ya Wakenya». Usemi huo una ukweli nusu. Equity ilianza mwaka 1984 kama chama cha mikopo ya nyumba huko Kenya, ikawa banki kamili mwaka 2004, na tangu 2006 hisa za kundi hilo zinauzwa kwenye soko la Nairobi, ambako hata asiye Mkenya anaweza kuzinunua. Lakini Equity BCDC ya hapa ni kampuni ya Congo, na leseni yake hutolewa na Banki Kuu ya Congo, ambayo ndiyo pia inayoisimamia. Ni vivyo hivyo kwa TMB (Trust Merchant Bank), banki iliyozaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 2004, ambayo KCB, kundi la banki la Nairobi, ilinunua asilimia 85 ya hisa zake mwaka 2022.

Kwa nini basi vitabu vya akiba vya zamani, ambavyo mama zetu wangali wanavitunza ndani ya sanduku, havina thamani? Hapa naomba tusiwatupie lawama wenye hisa, kwa maana kilichokula akiba ni sarafu yenyewe. Serikali ya Mobutu ilichapa noti kuziba mapengo ya bajeti, bei zikapanda bila breki, na Oktoba 1993 zaïre mpya moja ikatolewa kwa zaïre za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 falanga ikarudi, na zaïre mpya 100,000 zikawa falanga moja. Ukizidisha, zaïre za zamani bilioni 300 ni falanga moja ya leo. Aliyeweka mshahara wake wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 1985 angeweza kukuta akaunti yake ipo, jina lake limeandikwa sawasawa, na ndani yake hamna hata bei ya mkate. Ndiyo sababu mpaka leo sehemu kubwa ya fedha zinazowekwa katika banki zetu ni dola.