Usifagie Vioo Kabla Wapelelezi Hawajafika

Duka limevunjwa usiku. Asubuhi mwenye duka anashika ufagio, anakusanya vipande vya kioo, anagongagonga vilivyobaki kwenye fremu visije vikamkata mteja, kisha vyote anavitupa jalalani. Kosa kubwa hapo ni la fremu. Vipande vilivyobaki vimeshikwa na fremu ndivyo pekee ambavyo hakuna wakili atakayebisha kuwa ni vya dirisha lile. Vya chini huenda ni vya chupa, au vya gari lililopasuka kioo hapo mwezi uliopita. Maabara hulinganisha chembe zilizokutwa kwa mtuhumiwa na kioo cha dirisha. Ikikosa cha kulinganishia, mashine iwe nzuri vipi haina la kusema.

Kioo kikipigwa, vipande havirukii upande mmoja. Vingi huenda mbele, lakini chembe ndogo kuliko punje ya chumvi humrudia aliyepiga, na zinaweza kufika hata mita 3 nyuma. Humwingia kwenye nywele, mifukoni, kwenye mikunjo ya suruali na nyayo za viatu. Sweta la sufi huzishika muda mrefu kuliko shati laini, ila hata huko hazikai: mtu akitembea, nyingi hudondoka ndani ya saa chache za mwanzo. Kwa hiyo nguo za mtuhumiwa zichukuliwe mapema, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi, na iliyolowa ikaushwe kwanza. Askari aliyeokota vioo eneo la tukio asizishike nguo hizo kabisa. Chembe moja iliyohama kutoka kwenye mikono yake inatosha kuiharibu kesi.

Kwenye fremu, chukua vipande kadhaa vya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kutoka pembe tofauti na katikati, kwa sababu hata kioo kimoja hakilingani kabisa kila mahali. Andika upande wa ndani na wa nje kabla ya kuking'oa. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati. Chukua tabaka zote mbili, maana huenda hazikutoka kwenye tanuru moja. Chembe zifungwe ndani ya karatasi iliyokunjwa kama ya dawa za unga, kisha kwenye kopo gumu la plastiki. Usitumie chupa ya kioo: ikimeguka, itaongeza chembe zake humo humo.

Maabara huanza kwa macho: rangi, unene, mpindo. Kingo mbili zikiingiana kama vigae vya chungu kimoja, hakuna haja ya kemia. Kioo tambarare cha siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati (metali, si bati la kuezekea) iliyoyeyuka, na uso uliogusa bati hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Vifuniko vya taa za magari ya kisasa, kwa upande mwingine, vingi ni plastiki, na hufanyiwa vipimo vingine.

Baadaye hupimwa jinsi kioo kinavyopinda mwanga. Chembe huzamishwa kwenye mafuta ya silikoni chini ya hadubini na kupashwa moto polepole. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi hushusha kipimo cha mafuta kwa takriban 0.0004, ilhali cha kioo hakibadiliki sana. Inafika nyuzi fulani kingo za chembe zinatoweka, kana kwamba imeyeyuka. Hapo vipimo viwili vimelingana. Kioo cha dirisha kwa kawaida huangukia karibu na 1.52. Kioo kilichopitiwa na moto wa nyumba kipimo chake huhama, kwa hiyo usikilinganishe kwa njia hii na kile ambacho hakikuungua.

Tatizo ni kwamba madirisha, chupa na bilauri nyingi ni ndugu: silika (madini ya mchanga) asilimia 70 hadi 74, oksidi ya sodiamu 12 hadi 16, na chokaa. Viungo vikuu havitoshi kuvitenganisha. Kinachovitenganisha ni uchafu ambao kiwanda hakikuutia kwa makusudi: zirkoniamu na hafniamu kutoka kwenye mchanga, strontiamu iliyokuja na chokaa, hata matofali ya tanuru yanayolika taratibu. Uchafu huo hubadilika kadiri malighafi zinavyobadilika.

Kuusoma, leza hutoboa kishimo cha mikroni 50 hadi 100 (mikroni 1,000 ni milimita 1). Vumbi lake hubebwa na gesi hadi kwenye plazima ya argoni, yaani gesi yenye joto kali mno, kisha elementi huhesabiwa kwa uzito wa atomu zake. Chembe yenye upana wa mm 0.1 inatosha. Kioo cha fremu hupimwa angalau mara 9, kutoka vipande visivyopungua 3. Tuseme strontiamu ina wastani wa sehemu 48 kwa milioni. Mtawanyiko, yaani jinsi vipimo vinavyotofautiana na wastani, ukiwa mdogo kuliko asilimia 3 ya wastani huo, tunatumia hiyo 3, yaani 1.44, kwa sababu vipande vichache vinaweza kuonekana sawa kuliko kioo kizima kilivyo. Zidisha kwa 4, kisha toa na ujumlishe kwenye wastani: ukanda unaokubalika ni 42.2 hadi 53.8. Chembe ya kwenye sweta ikitoa 55, imetoka nje, hata kama elementi nyingine zote zimelingana.

Maabara isiyo na leza hutumia eksirei. Ni njia nzuri isiyoharibu kielelezo, ila chembe nyembamba mno hupitwa na miale, na strontiamu na zirkoniamu huonekana pungufu kuliko zilivyo. Hapo mtu hutenganisha vioo ambavyo ni kimoja. Dawa yake ni kulinganisha vipande vya unene na umbo lililokaribiana.

Matokeo yakilingana, ripoti haiandiki kuwa chembe "imetoka" dirisha lile. Huandika kuwa vipimo havikuweza kuvitofautisha: chembe huenda ni ya dirisha lile, au ya kioo kingine chenye kemia hiyo hiyo. Jengo lenye madirisha 20 yaliyokatwa kutoka shehena moja linaweza kuwa na kemia moja kote. Ndiyo maana mpelelezi hutakiwa kumuuliza pia fundi aliyeyaweka, na kuchukua sampuli ya kila dirisha lililovunjika, hata lile ambalo mwenye nyumba anasema lilivunjwa na watoto kwa mpira.